Mama Kola na Kiti cha Dirishani

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi, jua halijawa kali, na mwanamke wa makamo anapanda kichochoro chenye maduka madogo madogo, mkoba begani. Mtazame mguu wa kulia. Anaukanyagia ubavu, ule upande wa kidole kidogo, kana kwamba njia nzima imemwagiwa majivu ya moto. Hatua tatu, anavuta pumzi. Hatua tatu nyingine, anashika ukuta wa duka la madaftari na kujifanya anachagua daftari. Akifika kona ya mwisho, kabla mlango wa chumba cha ushonaji haujaonekana, anasimama. Analinyoosha gauni, anauma mdomo wa chini, anauweka unyayo wote chini. Kisha anaingia akitembea kama bibi harusi.

"Umeamkaje, wifi?"

"Salama kabisa, wifi. Niumwe nina nini?"

Na hakuna aliyemwuliza kama anaumwa.

Watu wanamwita Mama Kola. Hana mtoto mwenye jina hilo; watoto wake wana majina yao mazuri tu. Jina lilitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa miaka mingi, aliyesema ncha za kola za mama huyu zinaweza kumtoa mtu mwiba. Toka hapo likamganda.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kina meza ya kukatia vitambaa, meza ya pasi, na cherehani mbili za miguu. Moja iko ukutani, nyuma, mahali ambapo mwanga hufika kwa mwaliko. Ya pili iko dirishani. Hiyo ni nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kusuguliwa na viganja, na kanyagio lake la chuma limeng'aa pembe moja tu, ya kulia, kama sarafu iliyokaa mfukoni miaka.

Pembe ile ilianza kung'arishwa na mama mkwe wake. Yeye ndiye aliyekifungua chumba, na alikuwa na sheria moja: kola haishonwi na viatu. "Kiatu ni kiziwi," alikuwa akisema. "Hakisikii chuma kinasema nini." Ukifika kwenye ncha ya kola, sindano inatakiwa iende mshono mmoja, isimame, mshono mwingine, isimame, ugeuze kitambaa palepale pembeni. Kazi hiyo hufanywa na ile nyama ya unyayo iliyo chini ya kidole gumba, peku, kwenye ukingo wa kanyagio. Unabonyeza kidogo, unaachia. Unabonyeza, unaachia. Mama Kola aliolewa katika nyumba ile akiwa binti, akavuliwa viatu siku ya kwanza ya kujifunza, na hakuvivaa tena kwenye cherehani kwa miaka kumi na minane.

Macho ya mama mkwe yalipofifia, alisimama siku moja katikati ya kazi, akakipigapiga kile kiti cha dirishani, akasema neno moja: "Kaa." Basi. Wengine hutunza hati ya kiwanja kwenye sanduku. Mama Kola alilitunza neno lile.

Sasa huyu wifi. Ndiye binti wa mama mkwe, ambaye sasa ni marehemu, na dada wa mume wake. Aliondoka akiwa msichana, akaolewa mbali, akashona sare kwenye kiwanda kikubwa, na ndoa ilipomshinda akarudi na sanduku moja na tabasamu la watu wa kwao. Akapewa cherehani ya ukutani. Hakulalamika. Akavuta kigoda, akakaa, na — hapa ndipo Mama Kola alipohisi kijiba cha kwanza cha roho — akashona na kandambili zake miguuni, zenye soli nene kama mkate. Miguu yote miwili, bapa, kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

"Wifi, kola hazishonwi hivyo."

"Ndivyo nilivyozoea, wifi. Kiwandani ukivua viatu wanakufukuza."

Lisilosameheka ni kwamba kola zilitoka sawa. Ncha kali, mshono umelala. Mama Kola alizigeuza mbele na nyuma akitafuta kasoro kama mtu anayetafuta unywele kwenye mchuzi. Hakuiona.

Halafu siku moja mwalimu mstaafu akaja kuchukua shati lake. Akalishika shingoni, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Aisee! Mkono wa marehemu mtupu. Mama Kola, umejipita."

Mama Kola akacheka cha meno. Shati lile lilishonwa ukutani.

"Ni la wifi yangu huyo," akasema mwenyewe, kwa kuwa kukaa kimya kungemfanya aonekane mwizi.

"Basi damu haipotei," akasema mwalimu, akaondoka zake na furaha yake. Wewe msomaji, umewahi kumezeshwa wembe na mtu anayekutakia mema? Miaka kumi na minane ameshona kwa sheria ya mama yule, alimwekea uzi kwenye sindano macho yalipokataa, na leo mkono wa marehemu umeonekana kwa mtu wa miezi mitano!

Kwa hiyo mguu ulipoanza kumwuma, alinyamaza. Ulianza kama kokoto ndani ya nyama, chini ya kidole gumba. Alivua, akatazama, hakuna kokoto. Baada ya wiki chache ikawa kama anakanyaga msumari kila anapobonyeza. Lakini angemwambia nani? Akisema mguu unauma, ataambiwa apumzike. Akipumzika, nani atakaa dirishani? Na mtu akishakaa dirishani, nani atamwinua? Akajikaza kisabuni.

Asubuhi moja akakuta kipande cha blanketi kimefungwa kwenye ile pembe iliyong'aa ya kanyagio lake, kimezungushiwa uzi vizuri, laini kama shavu la mtoto.

"Nani kaichezea cherehani yangu?"

"Mimi, wifi," akajibu mwenzake akiwa na pini mdomoni. "Niliona…"

"Uliona nini?"

Wifi akazitoa pini moja moja. "Sikuona kitu."

"Maana kiti hiki bado kina mwenyewe. Hajafa." Akachukua mkasi, akakata uzi, akakitupa kile kipande chini ya meza. Siku nzima akashona peku, machozi yakimlenga, na kila alipobonyeza aliuona moyoni mkono wa wifi ukilipapasa kanyagio, ukilipima.

Mwezi mmoja baadaye pasi ikaanguka. Wifi alikuwa anaihamisha, waya ukajikwaa kwenye mguu wa meza, pasi ikatua sakafuni karibu na mguu wa Mama Kola. Ilikuwa imeshapoa. Iligusa ukucha, basi. Lakini jioni ile Mama Kola alipomsimulia mumewe, pasi ilikuwa imetua juu ya kidole. Kesho yake alipomsimulia jirani, ilikuwa imetua kwa kishindo. Wiki ilipokwisha, ilikuwa ya moto.

Na sasa akawa na ruhusa ya kuchechemea. Akaenda zahanati bila kujificha. Wakampiga picha ya mguu, na mganga wa zamu akaishika juu kwenye mwanga, akasema, "Kuna kijimfupa hapa chini ya kidole gumba kimegawanyika. Vipande viwili. Nenda kwa daktari wa mifupa."

Unaijua ile furaha mbaya, inayomjia mtu akiambiwa ameumia kweli? Alifika nyumbani anang'aa.

"Dada yako kanivunja mfupa," akamwambia mumewe.

Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Aliweka kijiko chini. "Kwa pasi iliyopoa?"

"Picha haidanganyi. Vipande viwili!"

"Mke wangu, mimi hapa niko kati ya mkasi na kitambaa."

"Basi chagua ukatwe upande gani."

Habari ikamfikia wifi kabla ya kesho. Hakulia wala kujitetea. Aliikunja kazi yake, akakipeleka kigoda chake kando, akasema jambo moja tu: "Siku ya kwenda kwa daktari nitakuja. Kama nimekuvunja, nataka nimsikie mwenyewe akisema."

Wakaenda watatu. Chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili, kwa hiyo fundi bomba alisimama mlangoni. Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba. Aliushika ule mguu, akabonyeza kwa kidole chini ya gumba, na Mama Kola nusura arushe teke.

"Yalianza lini maumivu, mama?"

Hapo ndipo ulimi ulipojaribiwa. Alijua yalianza lini. Alizijua asubuhi zote za ukuta wa madaftari. Akamtazama wifi, akaona zile kandambili.

"Siku pasi iliponiangukia," akasema.

Daktari akaitazama picha muda mrefu. Kisha akasema, "Nipigieni picha na huu mguu wa kushoto."

"Wa kushoto hauumi!"

"Najua. Ndiyo maana nautaka."

Picha ikaja. Daktari akaziweka mbili sambamba kwenye kioo cha mwanga, akawaita wote wasogee. "Chini ya kila kidole gumba tuna vijimfupa viwili, vidogo kama maharage. Havijaungana na mifupa mingine, vinakaa ndani ya kano, kama shanga kwenye uzi. Kazi yao ni kuifanya kano iteleze na kubeba uzito tunaposukuma. Watu wa zamani walivifananisha na punje za ufuta. Na mnaijua pia ya goti, ule mfupa wa duara mbele yake? Basi hiyo ni ya ukoo huo huo. Ndiyo kaka mkubwa."

"Kumbe!" akasema fundi bomba, akijishika goti. "Mimi huyo kaka mkubwa nampigisha magoti kutwa nzima chini ya masinki ya watu."

"Na atakudai siku moja, weka kitu laini chini yake," akasema daktari bila kucheka. "Sasa tazameni. Mguu wa kulia, kijimfupa kimoja ni vipande viwili. Na wa kushoto?"

Wakatazama. Na wa kushoto vilevile. Vipande viwili.

"Labda dada yangu aliangusha pasi mbili," fundi bomba akasema. Hakuna aliyecheka.

"Hakuna pasi hapa," akasema daktari. "Ona kingo zake. Sahani ikivunjika leo, kingo zinakuwa na meno. Hizi ni laini, za mviringo, kama kokoto za mtoni. Umezaliwa hivi, mama. Wapo watu wengi wa hivi, wanazeeka bila kujua. Kilichokuumiza ni kuvimba, na kuvimba kumetokana na kugandamizwa mahali pamoja, miaka na miaka. Unafanya kazi gani?"

Kabla hajajibu, wifi akajibu kwa sauti ya chini. "Anashona. Peku. Kwenye pembe ya chuma."

Mama Kola akangoja. Alingoja wifi ageuke amtazame, aseme, "Umesikia?" Afadhali angesema. Wifi alichukua mkoba wa mgonjwa, akauning'iniza begani mwake, akauliza, "Daktari, atumie nini?"

Atumie kiatu cha soli ngumu, kisichopinda kwenye vidole. Ndani yake kiwekwe kitu laini kilichokatwa tundu mahali panapouma, ili uzito uende pembeni. Barafu jioni. Vidonge vya siku kumi. "Na wiki sita usiguse kanyagio. Mara nyingi inatosha. Ikikataa tutazungumza mengine, lakini tusifike huko."

Wiki sita! Unadhani alihesabu nini njiani, vidonge? Alihesabu kiti. Kulikuwa na mashati arobaini ya wahudumu wa hoteli moja, yameshakatwa, yanangoja kola, na cherehani ya ukutani huruka mishono kwenye kitambaa kinene. Lazima mtu akae dirishani. Na anayejua kukaa ni mmoja tu.

Akasema anapitia chumba cha ushonaji kuchukua miwani. Akaingia peke yake, akafungua kibati kilicho chini ya sindano, akatoa kile kikasha kidogo cha chuma kinachoshika bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Bila hicho, cherehani ni meza tu. Na cha ile nyingine hakiingii. Ni za aina mbili. Akakifunga kwenye leso, akakitia mkobani. Hakujiuliza anafanya nini. Wivu haupendi kuulizwa maswali.

Siku tatu akakaa nyumbani, mguu juu ya mto, mkoba ubavuni. Kila sauti ya mlango aliidhania ni wifi amekuja kudai. Alishatayarisha majibu. "Kikasha? Kikasha gani? Labda kimedondoka." Akayarudia mpaka yakawa matamu. Katikati ya utamu huo sauti ya daktari ilimjia, *kingo laini*, na utamu ukaharibika.

Siku ya nne wifi akaja kweli. Aliketi, akapokea chai, akauliza habari za mguu. Habari za kikasha hakuuliza. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa karatasi, akatoa sapatu moja kuukuu, ya kulia, iliyofifia rangi.

"Hii unaijua?"

"Sapatu ya mama. Si ile aliyokuwa akivaa ndani?"

"Ingiza mkono."

Mama Kola akaingiza mkono. Ndani, mahali pa kidole gumba, vidole vyake vikazama kwenye tundu. Lilikuwa limekatwa kwa ufundi, la mviringo, na kuzunguka tundu lile kulishonewa blanketi kwa mishono midogo sana. Mishono ile angeitambua hata gizani.

"Tundu la daktari," akasema polepole.

"Mama aliumwa mguu kabla hujamaliza mwaka nyumbani kwetu. Ukienda kununua uzi, anaivaa anashona nayo. Ukisikika mlangoni, anaivua anaisukuma chini ya meza. Jioni mimi ndiye nilikuwa namkanda."

"Na ile ‘kiatu ni kiziwi’?"

"Alikuwa anaisema sapatu ikiwa chini ya meza."

Mama Kola akaigeuza sapatu mkononi. "Mbona hakuniambia? Mimi nilikuwa mtu wa kumcheka?"

"Alikuwa anakuogopa, wifi."

"Mimi? Niliyekuwa nikikiogopa hata kikohozi chake?"

"Alisema, huyu msichana anashika upesi. Siku akijua mguu umenishinda, nitaishia ukutani."

Chai ikatengeneza utando.

Usidhani wivu ulimtoka pale pale, kama kwenye hadithi za watu wema. La. Ulihama chumba tu. Sasa alikuwa anaonea wivu ile siri, na mikono iliyoukanda mguu ule, wakati yeye anatumwa uzi. "Wewe alikuambia," akasema. "Mimi aliniambia ‘kaa’ tu."

"Na mimi ningetoa hiyo siri na mguu wenyewe ili niambiwe hilo neno," akajibu wifi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na makali. "Nilimkanda miaka, mwanawe wa kumzaa. Nikasikia huko niliko kwamba kiti kapewa mke wa kaka. Unadhani nililala vizuri? Nilipokuwekea kile kipande cha blanketi, nusu ya moyo wangu ilikuonea huruma. Nusu ilitaka uone kwamba nayajua mambo ya mama kuliko wewe."

"Nusu ngapi kwa ngapi?"

"Usinihesabie."

Hapo wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, cha watu waliokamatana wote wakiwa na mkono kwenye chungu kimoja. Mama Kola akauvuta mkoba. Akafungua leso. Akakiweka kikasha mezani, katikati ya vikombe.

"Maumivu yalianza kabla ya pasi," akasema, akikitazama kikasha. "Muda mrefu kabla."

"Najua. Nilikuwa nakuona kwenye kona."

"Mafuta tone moja. Ukizidisha unachafua uzi. Na usikisogeze kiti, kina alama zake sakafuni."

Mashati arobaini yalitoka kwa wakati. Mama Kola alirudi wiki ya saba, amevaa kiatu cha soli ngumu, na akamkuta wifi ameshasimama, ameshakifuta kiti, ameshahamia ukutani. Mama Kola akauweka mkoba chini. Akakaa. Kwenye pembe ya kanyagio kulikuwa na kipande cha blanketi. Akakiacha. Akashona kola ya kwanza kwa miguu miwili, bapa, akaigeuza, akaichunguza ncha. Ilikuwa kali. Akabaki ameishika kwa muda, akiwaza miaka kumi na minane ya peku, na hakujua amkasirikie nani.

Mwalimu mstaafu huja bado. Husifu shati hili na lile, na wanawake wale wawili wamejifunza kutomwambia lipi limeshonwa wapi. Hata hivyo, anapolishika la ukutani na kusema "aisee", Mama Kola hukata uzi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Daktari alimwonya: uvimbe ule ukipona unaweza kurudi, na ukirudi aseme mapema. Aliitikia. Lakini juzi asubuhi alikuja akipanda kichochoro, mkoba begani, akafika kwenye kona ile ya mwisho. Akasimama. Akainama, akakishika kiatu cha kulia, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Kisha akanyooka, akalinyoosha gauni, akaingia.

"Umeamkaje, wifi?"

Wewe uliyetembea naye toka mwanzo, unadhani safari hii alijibu nini?